Kununua mashine iliyotumika kwa mashua ya tanga

Mashua ya tanga yenye urefu wa mita 6 au 7, ya aina inayoundwa na mafundi wetu wa Tanga na Pangani, haihitaji mashine ili iende. Inahitaji mashine pale upepo unapokataa: asubuhi umande, yaani upepo wa nchi kavu, ukiisha na upepo wa bahari bado haujaanza, wakati wa maleleji kati ya kusi na kaskazi, au jioni unapotaka kuingia bandarini, umekwisha kukipita kisiwa cha Ulenge, maji yanakupwa na tanga limelegea. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa kwetu hukaribia mita 4. Maji mengi kiasi hicho yakianza kutoka ghubani, kafi na upondo havitoshi, na mwenye abiria au watoto chomboni hana haki ya kuwaambia wasubiri majaliwa.

Mashine mpya ya kupachika ni ghali, kwa hiyo wengi wetu hununua iliyotumika. Naandika kwa ajili ya mtu wa tanga, ambaye mashine kwake ni msaidizi. Mwenye boti linalotegemea mashine peke yake usiku kucha ana hesabu nyingine, na ushauri anaopewa yeye, ambao ndio utakaousikia kwanza ukiuliza kwenye madiko ya Tanga, pale Deep Sea au Sahare, mara nyingi haukufai wewe. Ukimwambia mtu yeyote ufukweni kwamba unatafuta mashine, atakuambia ununue kubwa. Mimi nasema nunua ndogo, yenye mguu mrefu, nyepesi kutengenezwa, na ambayo historia yake inajulikana. Na kati ya hayo manne, la mwisho ndilo zito kuliko yote.

Nianze na ukubwa. Chombo cha mbao chenye mkuku na tumbo la kubeba mzigo hakipandi juu ya maji kama boti la faiba. Kinayapasua maji, na mwendo wake una mpaka unaotokana na urefu wa ile sehemu yake iliyomo majini. Chukua kipeuo cha pili cha urefu huo kwa mita, ukizidishe kwa 2.43, nawe utapata noti ambazo chombo hakitazipita kwa urahisi hata ukisukume vipi. Kwa mita 6 jibu ni karibu noti 6, yaani kama kilomita 11 kwa saa. Mashine ya nguvu za farasi 40 ikifungwa kwenye mashua hiyo haitaipeleka noti 20. Itainua omo, yaani mbele ya chombo, itazamisha tezi, yaani nyuma yake, itaburuta wimbi kubwa nyuma yake, na petroli itakwisha kabla ya safari. Kanuni inayofuatwa na watu wengi wa vyombo vya tanga ni farasi 3 hadi 4 kwa kila tani ya uzito wa chombo pamoja na vilivyomo. Mashua ndogo yenye tani mbili, basi, inatoshwa na mashine ya 8. Ukiwa unapita sana kwenye mikondo ya nguvu, au unakwenda mbali na ufuko, ya 15 inaeleweka, hasa kwa kuwa ndiyo inayopatikana kwa wingi kwenye pwani yetu na vipuri vyake ni rahisi kuvipata. Zaidi ya hapo unanunua uzito na kiu ya mafuta, kwani hata hiyo ya 15 ya tustroki, yaani ile inayochanganyiwa oili kwenye petroli, ikiendeshwa kwa nguvu zote inaweza kunywa lita 6 na zaidi kwa saa moja.

Kuna jambo linalofaa kujulikana kuhusu namba hizi. Katika mashine za tustroki za Yamaha, kama ilivyo kwa watengenezaji wengine kadhaa, ya 9.9 na ya 15 zimetumia bloku moja na silinda za ukubwa uleule. Kilichozitofautisha ni kabureta na sehemu chache zinazohusu upumuaji wa mashine. Kwa hiyo stika iliyobandikwa kwenye kifuniko si ushahidi wa lolote. Kifuniko huhamishwa, na stika huuzwa. Ukitaka kujua mashine ni ipi, soma kibati kilichopo kwenye bano la kufungia, kisha fungua kifuniko na umwonyeshe fundi anayezifahamu.

Mguu ndio unaosahauliwa na wanunuzi wengi wa vyombo vya tanga, nami nimeona mashine nzuri kabisa zikifungwa na kutupa maji hewani kwa sababu ya mguu mfupi. Mguu mfupi ni kama sentimita 38, ukipima kutoka mahali bano linapokalia ubao wa tezi hadi kwenye ubapa ulio juu kidogo ya rafadha (pangaboi). Mrefu ni sentimita 51, na upo mrefu zaidi wa sentimita 63 na nusu. Boti la faiba la mwendo lina tezi fupi na hukaa sawa juu ya maji, hivyo mguu mfupi unalitosha. Mashua ya tanga tezi yake iko juu, na ikikutana na mawimbi huinama na kuinuka, na kila inapoinuka rafadha ya mguu mfupi hutoka majini. Hapo mashine hupiga kelele, huzunguka kwa kasi bila mzigo, na pampu yake ya maji huvuta hewa badala ya maji. Mambo hayo yote mawili huiharibu. Zaidi ya hayo, katikati ya tezi pana usukani, kwa hiyo mashine hukaa pembeni, upande wa kulia au wa kushoto, na chombo kikilalia upande wa pili mguu huinuka zaidi. Pima chombo chako kwanza, kikiwa majini na kikiwa na mzigo wa kawaida, kutoka pale bano litakapokaa hadi usawa wa maji, na rafadha iwe chini kabisa ya usawa huo hata chombo kinapoyumba. Nenda sokoni ukiwa na kipimo hicho mfukoni. Kwa mashua nyingi za aina yetu jibu litakuwa mguu mrefu, na kwa baadhi huo mrefu zaidi. Mwenye dau lenye ncha pande zote mbili, au ngalawa, atalazimika kutengeneza kiti cha mbao ubavuni, na huko ndiko kipimo kinakohitaji uangalifu mkubwa zaidi.

Kuhusu tustroki na fostroki, watu hubishana sana, na kila upande una hoja. Fostroki haichanganyiwi oili kwenye petroli, hutumia mafuta machache, haina moshi mwingi, na hutulia vizuri katika mwendo mdogo, jambo ambalo mtu wa tanga analithamini anapotia nanga. Kwa karatasi ndiyo mashine ya mashua ya tanga. Lakini ni nzito: tustroki ya 15 ina uzito wa kilo 36 au zaidi kidogo, ilhali fostroki ya nguvu hiyohiyo hufika kilo 50, na uzito huo wote unaning'inia tezini, kwenye ncha ya chombo, ambapo unahisiwa kuliko mahali pengine popote. Fostroki ina valvu, mkanda wa taiming'i, na vitundu vyembamba mno vya kabureta ambavyo petroli iliyolala au yenye uchafu huviziba. Haiwezi kulazwa upande wowote unaotaka, kwa sababu oili yake hupenya mahali isipotakiwa. Na ikizama kwenye maji ya chumvi, gharama ya kuiokoa ni kubwa. Tustroki ya zamani fundi yeyote wa ufukweni anaweza kuifungua kwa spana chache. Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kanuni za moshi ambazo kwa miaka mingi sasa zimeziondoa tustroki za kabureta kwenye maduka yao, lakini kwenye pwani yetu Yamaha za aina ya Enduro bado zinauzwa mpya, na ndiyo sababu vipuri vyake havijawa adimu. Kwa mashine iliyotumika, ya mtu asiye fundi, mimi nachagua tustroki, na mashine yangu ni Yamaha ya 8 yenye mguu mrefu. Simlaumu anayechagua fostroki iwapo anamjua mwenye mashine hiyo na ana hakika kwamba oili yake ilikuwa ikibadilishwa kwa wakati.

Hapo ndipo tunafika kwenye historia. Mashine ya kupachika haichoki kwa umri kama inavyochoka kwa chumvi na kwa uvivu wa mwenyewe. Maji ya bahari huingia kupitia matundu ya mguuni, husukumwa juu na pampu yenye kigurudumu cha raba kinachoitwa impela, huzunguka silinda ili kuzipoza, kisha hutoka. Mashine ikizimwa, maji hutelemka, lakini chumvi hubaki kwenye kuta za aluminiamu na kukauka. Asiyeisafisha kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, baada ya safari huziba njia hizo kidogo kidogo, mpaka siku moja silinda inapopata joto na pistoni inakwama. Kwa hiyo mashine ya miaka mingi iliyokuwa ikisafishwa ni bora kuliko ya miaka michache ambayo haikuonja maji ya bomba hata siku moja. Ukibahatika kupata iliyofanya kazi Ziwa Victoria, ambako maji hayana chumvi, njia zake za maji huenda zikawa safi sana. Ila fahamu kwamba mashine za wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kucha, na ringi na beringi zake zinaweza kuwa zimechoka ingawa sura yake inapendeza.

Ukienda kuangalia mashine, mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Usione haya kulisema hilo, kwani mashine iliyokwisha kupashwa joto huwaka kwa mvuto mmoja hata ikiwa mbovu, na ugumu wake wote huonekana asubuhi ikiwa ya baridi. Ukifika, gusa silinda kwa mkono kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, ahirisha, urudi siku nyingine. Nenda pia na fundi wako mwenyewe, umlipe wewe, naye asiwe na udugu na dalali.

Kabla ya kuvuta kamba, anzeni chini, kwenye giaboksi. Chini ya mguu pana skrubu ya kumwagia oili ya gia, na nyingine juu yake kidogo. Mashine iwe imesimama wima tangu usiku, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini yakipewa muda. Legezeni skrubu ya chini taratibu mtazame tone la kwanza. Likiwa maji, sili zimepasuka. Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamekuwa yakiingia na gia zimekuwa zikiyakoroga. Oili nyeusi ni ya zamani tu, wala si kosa kubwa. Oili safi inayong'aa kupita kiasi imetiwa jana, na hapo muulizeni mwenyewe kwa nini. Chembe ndogo laini za chuma kwenye skrubu ni za kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa macho ni meno ya gia. Kisha vueni rafadha. Nyuma yake, kwenye shafti, mara nyingi mtakuta mshipi wa kuvulia au uzi wa nyavu uliojizungusha na kuikata sili polepole, na hii ndiyo sababu ya kawaida ya maji kuingia kwenye giaboksi za mashine za hapa kwetu. Izungusheni shafti kwa mkono huku mmoja akiitazama kutoka nyuma: ikiyumba, imepinda, na mashine hiyo iligonga mwamba.

Rangi mpya nayo ni ya kuulizwa. Mtu anayepaka mashine yake rangi kwa kuipenda yupo, lakini rangi pia huficha vilima vya kutu ya aluminiamu na mahali palipochomelewa. Tazameni zaidi pale ambapo mwenye kupaka rangi hafiki: nyuzi za bolti, chini ya bano, ndani ya matundu ya maji. Skrubu za bano zigeuzwe mpaka mwisho, na mashine iinuliwe na kushushwa, kwa sababu chuma cha pua kikikaa ndani ya aluminiamu katika maji ya chumvi hushikana kiasi cha kukatika kabla ya kufunguka. Ninayo heshima kubwa kwa muuzaji ambaye mashine yake imechubuka na kupauka lakini kila bolti yake inafunguka kwa mkono wa kawaida. Huyo alikuwa akiipaka grisi.

Chini ya kifuniko tafuteni dalili za kuzama. Swali liulizwe waziwazi, kwa adabu: “Mzee wangu, mashine hii iliwahi kuzama?” Mwenye mashine mkweli hachukizwi, na mara nyingi atasema ilizama lini na ilioshwa vipi. Mashine iliyozama na kuoshwa kwa maji baridi, ikatiwa oili na kuwashwa ndani ya saa chache, inaweza kuishi miaka mingi. Iliyoachwa mpaka kesho yake tayari ina kutu kwenye beringi za ndani, na beringi hizo ndizo zinazoshika roho ya tustroki. Unga mweupe au wa kijani kwenye viungo vya nyaya, kutu chini ya gurudumu la kuwashia, na koili moja mpya kando ya nyingine kuukuu, vyote hivyo vinasema jambo.

Sasa vueni plagi. Rangi ya kahawia kwenye ncha ni dalili njema. Nyeusi yenye unyevu inaonyesha oili nyingi au cheche dhaifu. Nyeupe iliyopauka inaonyesha joto kubwa, na vijitone vya chuma juu yake ni sehemu ya pistoni. Plagi moja ikiwa safi mno kuliko nyingine, kana kwamba imeoshwa, kuna maji yanayopenya kwenye silinda hiyo kupitia gasketi. Kisha pimeni mgandamizo kwa kipimo kinachofungwa mahali pa plagi, kabureta ikiwa wazi kabisa, mkivuta kamba mara kadhaa hadi mshale uache kupanda. Mashine nyingi za ukubwa huu zilizo nzima huonyesha paundi 100 au zaidi kwa inchi ya mraba, lakini usawa una maana kubwa kuliko namba yenyewe: silinda mbili zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, moja yao imechoka. Kuna wauzaji wanaodondoshea oili kidogo kwenye tundu la plagi, nayo huziba mwanya wa ringi na kuinua kipimo kwa muda. Kwa hiyo pimeni tena baada ya mashine kutembea baharini. Ringi zilizokufa zitajitangaza mara hiyo ya pili.

Mashine haijaribiwi ndani ya pipa. Pipa linaonyesha kwamba inawaka na kwamba pampu inatupa maji, basi. Nendeni majini na tangi lenu na petroli yenu mpya mliyoichanganya wenyewe, ili msijaribu mchanganyiko wa muuzaji. Ikiwaka ikiwa ya baridi kwa mivuto michache, tazameni uzi wa maji unaotoka nyuma. Ukiwa mdogo, chomeni kitundu chake kwa waya kabla ya kuhukumu, maana chumvi au udongo huziba kitundu hicho peke yake. Na ukiwa mkubwa, msiridhike mapema, kwa sababu katika mashine nyingi uzi huo ni tawi tu la njia ya maji na unaweza kuwa na nguvu ilhali njia za kichwani mwa silinda zimeziba. Kinachosema kweli ni joto. Baada ya dakika kumi za mwendo wa wastani maji yatokayo yawe vuguvugu, na kichwa cha silinda kiweze kuguswa kwa kidole kwa muda mfupi bila kuunguza. Ukiona maji yanageuka mvuke, zimeni papo hapo.

Fungeni chombo kwenye nguzo, muingize gia ya mbele na kuongeza mafuta pole pole. Gia ikiruka na kurudi, meno ya kushikia yamelika. Mashine ikipandisha sauti bila maji kusukumwa nyuma, raba ya ndani ya rafadha imeachia, kasoro ambayo ni nafuu kuitengeneza lakini ni ya hatari ukiikuta nje ya mwamba. Jaribuni pia gia ya nyuma, kwani mtu wa tanga huihitaji kila anapotia nanga katikati ya vyombo vya wenzake. Halafu fungueni mkaende mpaka kisiwa cha Toten na kurudi, sehemu kwa nguvu zote, sehemu kwa mwendo wa chini kabisa. Huo mwendo wa chini ndio nitakaoutumia zaidi kuliko wowote, kwa hiyo mashine isiyotulia hapo hainifai hata ikiwa na nguvu za ajabu. Zimeni, msubiri dakika tano, muwashe tena. Mashine inayokataa kuwaka ikiwa ya moto ni mzigo mkubwa kuliko kutokuwa na mashine, kwa sababu umeiamini na umeshusha tanga.

Rafadha inayokuja na mashine iangaliwe kivyake. Kila rafadha ina hatua, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapita kwenye kitu kigumu. Rafadha ya boti la mwendo ina hatua ndefu, na kwenye mashua nzito huifanya mashine ihangaike bila kufikia mizunguko yake, ambayo kwa tustroki nyingi za ukubwa huu ni kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Tafuta yenye hatua fupi na mapanga mapana. Mabadiliko hayo pekee huifanya mashine ya 8 isukume mashua kwa utulivu ambao hukuutarajia.

Karatasi si jambo dogo. Mashine huibiwa kwenye vyombo vilivyotia nanga, na anayenunua ya wizi hupoteza mashine, fedha na heshima yake mbele ya watu wa ufuko wake. Linganisheni namba iliyo kwenye kibati na ile iliyo kwenye risiti ya mwanzo, na kibati kilichong'olewa au kukwaruzwa kiwe mwisho wa mazungumzo. Waulizeni viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa fukwe, wa mahali muuzaji anapotia nanga, kwa kuwa wao ndio hupata habari za wizi kwanza. Mauziano yaandikwe, yawe na namba ya mashine, vitambulisho vya pande zote mbili na mashahidi, na yapitie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Muuzaji anayeharakisha, anayetaka mkutane njiani, au anayesema karatasi ziko kwa ndugu yake Dar es Salaam na zitakuja baadaye, aachwe aende zake hata kama bei yake inavutia.

Katika kupatana bei, weka pembeni tangu mwanzo fedha za vitu utakavyobadilisha hata kama mashine imepita majaribio yote: impela na gasketi yake, plagi, oili ya gia pamoja na sili za shafti, themostati, chujio la mafuta, na mpira wa mafuta ukiwa mgumu au umepasuka. Impela hasa usiirithi kwa mtu. Ikiwa moja ya mabawa yake ya raba imekatika, kipande hicho kimekwenda mahali fulani kwenye njia za maji, na kitafutwe hadi kipatikane.

Oili ya kuchanganya iwe ile ya mashine za majini, yenye alama ya TC-W3 kwenye chupa, na si ya pikipiki, ambayo imetengenezwa kwa mashine zinazopozwa kwa hewa na huacha majivu kwenye plagi na pistoni. Kipimo kwa Yamaha nyingi za tustroki ni sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, yaani mililita 400 kwenye dumu la lita 20, ingawa baadhi ya mashine zinaagiza kipimo kingine, na kitabu chake au kibati ndicho cha kufuatwa. Wapo wanaozidisha oili kwa nia njema. Ikizidi sana huziba plagi na kuganda kwenye ringi, ilhali ikipungua pistoni hukwama, kwa hiyo nunua chupa yenye vipimo ubavuni na uache kukadiria kwa macho.

Ukirudi kutoka baharini, iwashe mashine ndani ya pipa la maji ya bomba mpaka ipate joto, ili themostati ifunguke na maji baridi yafike kichwani mwa silinda. Dakika mbili za kumwagia maji kwa nje hazifanyi kazi hiyo. Kisha ng'oa mpira wa mafuta na uiache mashine izime yenyewe kwa kumaliza petroli iliyomo kwenye kabureta. Ihifadhi ikiwa wima, rafadha chini, ili maji yote yatoke. Wakati wa kusi nzuri, ambapo tanga linafanya kazi yote na mashine inaweza kukaa miezi bila kuhitajiwa, iwashe angalau mara moja kila wiki, uingize gia zote mbili, na uitazame ikitupa maji kabla ya kuifunika tena.